Njoo Uhesabu Aprili

Mwaka 1958 Wajerumani wawili, baba na mwana, walikuwa wakiruka juu ya nyanda za Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia. Baba, Bernhard Grzimek, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwana, Michael, alikuwa kijana wa rika langu. Kazi yao ilikuwa kuhesabu. Walitaka kujua kuna wanyama wangapi pale, na makundi yanaelekea wapi mvua zikianza na zikiisha. Walipomaliza walitoa jumla ambayo mpaka leo hunichekesha: nyumbu 99,481. Hawakusema karibu laki moja. Walisema 99,481, kana kwamba kila nyumbu alipita dirishani akajiandikisha.

Mwaka 1961 watu wengine waliruka juu ya nyanda zilezile wakapata nyumbu zaidi ya 200,000. Nyumbu hawazaliani hivyo, hasa enzi zile ambapo sotoka ilikuwa bado inaua ndama kila mwaka. Kilichobadilika zaidi ni njia ya kuhesabu. Baadaye, ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa na sotoka ikatoweka, nyumbu waliongezeka kwelikweli, wakapita milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Swali lililowaleta kina Grzimek halikuwa la wanyama peke yao. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa inapanga mipaka mipya ya mbuga ya Serengeti, na ndani ya eneo hilo waliishi Wamaasai na ng'ombe wao. Kina Grzimek waligundua jambo la maana: makundi yalikuwa yanatoka nje ya mipaka iliyopendekezwa. Waliandika hivyo. Mipaka ilipitishwa hata hivyo, mwaka 1959. Upande wa Ngorongoro ukakatwa, na Wamaasai wakaondolewa Serengeti na kuelekezwa huko. Michael hakuuona mwisho. Januari 1959 ndege yake iligongana na tai hewani, ikaanguka, akafa. Filamu yao ilishinda Oscar, na baba akaendelea kuuambia ulimwengu kwamba ndani ya mbuga kusikae watu, hata wenyeji.

Mimi huirudia hadithi hii kwa sababu ina mambo matatu ambayo ningali nayaona Kenya, kwenye kila ripoti ya mazingira ninayofungua. Kwanza, nambari inaweza kuwa kamili hadi tarakimu ya mwisho na bado iwe mbali na ukweli. Pili, hesabu mara nyingi hufika wakati uamuzi kuhusu ardhi umeshapikwa na kuiva. Tatu, wale wanaoishi na wanyama hao miaka nenda miaka rudi huonekana kama sehemu ya tatizo, kwa hivyo hakuna anayefikiria kuwauliza.

Kenya ilianza kuhesabu kwa mpangilio miaka ya 1970. Mwaka 1975 serikali, kwa msaada wa Canada, iliunda kitengo cha kufuatilia nyanda za malisho kilichoitwa KREMU. Siku hizi kazi hiyo ni ya idara inayojulikana kama DRSRS. Njia yao si ya kusisimua, na ndiyo maana naipenda. Ndege huruka kwenye mistari iliyonyooka, kimo cha takriban mita 120 juu ya ardhi. Nyuma hukaa wahesabuji wawili, mmoja kila upande. Chini ya bawa hufungwa vijiti viwili, na mhesabuji huhesabu wale tu wanaoonekana kati ya vijiti hivyo. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha, lihesabiwe tena mezani kwa utulivu. Halafu hesabu ya ukanda huo mwembamba hutumiwa kukadiria eneo lote, na kando ya makadirio huandikwa kiasi cha kukosea.

Hakuna anayejidai kwamba amemwona kila nyumbu. Lakini kwa vile walirudia njia ileile mwaka baada ya mwaka, hesabu zao zinaweza kulinganishwa. Mwaka 2016 watafiti walikusanya hesabu hizo kuanzia 1977 na kuzichapisha. Matokeo yake yalikuwa kama kupokea habari za msiba: kwa wastani, wanyamapori wa nyanda za Kenya walikuwa wamepungua kwa asilimia 68. Katika muda huohuo, mbuzi na kondoo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 70.

Ukumbuke kwamba 1977 ndio mwaka ambao Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Yaani hasara yote hiyo ilitokea huku sheria ikisema hakuna kuua. Mitego ya nyama ilichangia, na ukame ulichangia. Lakini sehemu kubwa ni mambo ya kawaida ambayo hayaonekani kama uhalifu: ua wa seng'enge, shamba jipya la mahindi, barabara, kiwanda, ploti ya 50 kwa 100. Kila moja ya hizo, ukiitazama peke yake, ni maendeleo ya mtu fulani. Ndege ya kuhesabu ndiyo iliyoziweka pamoja.

Mfano wa karibu kabisa uko hapa mlangoni mwa Nairobi. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946, ya kwanza nchini. Aliyeipigania ni Mervyn Cowie, ambaye alikuwa na ujanja wake. Aliandika barua gazetini kwa jina la bandia la mlowezi mkongwe, akidai wanyama wote wauawe, ili wasomaji wakasirike na kuanza kutetea wanyama. Wakakasirika kweli, na mbuga ikapatikana. Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo humo walipoteza malisho yao. Eneo ni dogo, kilomita za mraba 117 tu, na upande wa kusini uliachwa wazi bila ua, ng'ambo ya Mto Mbagathi, kuelekea Kitengela na nyanda za Athi-Kapiti.

Upande huo wa wazi ndio uliokuwa uhai wa mbuga. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka kwenda kula nyasi fupi za nyanda za kusini. Kiangazi kikikaza, hurudi mbugani penye mabwawa na mito isiyokauka. Kwa maneno mengine, mbuga ni kisima na Kitengela ni sahani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wahesabuji wa angani walikadiria nyumbu zaidi ya 20,000 katika mfumo huo mzima. Kufikia 2011 walikuwa wamebaki maelfu machache.

Katikati hapo kuna historia ya karatasi. Ardhi ya Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ikagawanywa, kila familia ikapata hati yake. Eneo la viwanda vya kuuza nje likajengwa jirani, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na bei ya ardhi ikapanda. Ukishika hati yako mkononi, simba akala ng'ombe wako wawili, na broka akakupigia simu jioni hiyohiyo akiwa na bei nzuri, utafanya nini? Wanyama ni wa serikali lakini nyasi wanazokula ni zako. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi takriban dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Wengi walijiunga na pesa zile zililipa karo za watoto. Lakini dola nne haziwezi kushindana na broka kwa muda mrefu.

Mwaka wa 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira. Kabla ya hapo, mtu angeweza kujenga kiwanda kando ya mto na kuulizwa maswali baadaye, kama angeulizwa. Sheria hiyo iliunda NEMA, na kanuni za 2003 zikaeleza utaratibu: mradi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, matangazo yawekwe gazetini na redioni, wakazi waitwe mikutanoni, maoni yao yaandikwe. Katiba ya 2010 iliongeza nguvu, ikasema serikali itahimiza umma ushiriki katika kulinda mazingira. Ukisoma karatasi zote hizo unaweza kudhani mambo yamekwisha.

Lakini kuna sentensi moja ambayo kila mtu kwenye biashara hii anaijua. Mshauri wa mazingira lazima asajiliwe na NEMA, ila anayemtafuta, anayemwajiri na anayemlipa ni mwenye mradi. Mwanafunzi ndiye anayemlipa mwalimu asahihishe mtihani wake.

Niliingia kwenye biashara hii kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imekataa kabisa, na nilikuwa nachukua kibarua chochote kisichohitaji cheti. Jamaa mmoja akaniambia kuna kampuni ya ushauri inatafuta vijana wa kuhesabu wanyama na kujaza fomu, 1,500 kwa siku na chakula juu. Sikuuliza mara mbili.

Ardhi yenyewe ilikuwa ekari kama 300 kusini mwa Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Mwenye mradi alitaka kujenga nyumba za kifahari ndani ya ua, na pembeni kambi ndogo ya watalii ya mahema. Walikuwa tayari na brosha, karatasi nzito ya kung'aa. Jalada lake lilikuwa na pundamilia watatu na twiga mmoja, jua likizama nyuma yao. Maneno yalisema mteja ataamka asubuhi akute wanyamapori kwenye baraza lake.

Tulikwenda mwishoni mwa Agosti. Tulikuwa wanne: mtaalamu aliyesajiliwa, dereva, mimi na msichana mmoja aliyekuwa amesomea mimea na ambaye ndiye peke yake aliyejua tunachofanya. Bajeti ilikuwa ya siku mbili. Tulitembea kwenye mistari tuliyochorewa, tukaandika tulichokiona: sungura wawili, mbuni mmoja mbali, swala tomi sita, kinyesi cha pundamilia kilichokauka hadi kikawa kama makaa. Ardhi ilikuwa kavu, vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Siku ya pili alasiri tulikutana na mzee akichunga mbuzi. Akanisalimia, akatazama ubao wangu wa kuandikia.

"Kijana wangu, mnatafuta nini hapa?"

"Tunahesabu wanyama, mzee."

"Agosti?" Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Sasa hivi si wako kule mbugani, kwa maji. Wewe njoo uhesabu Aprili, mvua ikishanyesha. Hapa hutapata pa kukanyaga." Kisha akaonyesha kwa fimbo bonde wanalopitia, na sehemu ya ua wa jirani waliyoangusha mwaka uliopita wakipita usiku.

Mtaalamu wetu alimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na watoto wawili shuleni na miradi mingine mitatu ya kumaliza mwezi huo. Aliandika maneno ya mzee kwenye daftari, nikamwona kwa macho yangu.

Wiki iliyofuata tukafanya mkutano wa wakazi chini ya mti karibu na ofisi ya chifu. Kazi yangu ilikuwa kupitisha karatasi ya mahudhurio na kugawa soda. Maelezo ya mradi yalitolewa kwa dakika 20. Wazee wawili wakauliza njia ya ng'ombe itapita wapi, mama mmoja akauliza kisima kitachimbwa urefu gani, manake chake kilikuwa kimeanza kukauka. Wakaambiwa maswali yao yatazingatiwa. Watu 43 walitia sahihi au kidole gumba.

Ripoti ya tathmini ni hati ya umma, na miezi kadhaa baadaye niliomba kuisoma. Ilikuwa na kurasa nyingi na picha nzuri. Kwenye sehemu ya wanyama ilisema kwamba uchunguzi wa uwandani haukupata wanyamapori wengi wenye umuhimu wa kiuhifadhi katika eneo la mradi. Mzee na Aprili yake hawakuwemo. Karatasi yangu ya mahudhurio ilikuwemo, mwishoni, kama ushahidi kwamba jamii imehusishwa na inaunga mkono. Pundamilia wa kwenye brosha hawakufika kwenye ripoti.

Kila kilichoandikwa pale kuhusu siku zile mbili kilikuwa kweli. Hatukuona wanyama wengi. Ndipo nilipoelewa jinsi jambo hili linavyofanya kazi: huhitaji kudanganya ili ardhi ionekane tupu, unahitaji tu kuchagua mwezi. Na anayechagua mwezi ni ratiba ya mkopo wa benki, wala si nyumbu.

Ukishaona hivyo, historia ya hivi karibuni inasomeka tofauti. Chukua reli ya SGR. Kipande cha Nairobi kwenda Naivasha kilipangwa kukata Mbuga ya Nairobi kwa daraja la takriban kilomita sita, ili wanyama wapite chini. Richard Leakey, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya KWS wakati huo, aliliunga mkono daraja hilo kama njia yenye madhara madogo. Wanaharakati walidai njia imeshachaguliwa na tathmini inafuata nyuma kama mkia. Wakaenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na Septemba 2016 baraza likaamuru kazi isimame. Mwanzoni mwa 2018 mashine zilikuwa ndani ya mbuga, na Oktoba 2019 treni ikazinduliwa. Leo ukipanda treni hiyo unaweza kumwona twiga chini ya nguzo. Watu wawili wanaweza kuitazama picha hiyo, mmoja akaona ushindi wa uhandisi, mwingine akaona tathmini iliyoombwa ruhusa baada ya harusi.

Lakini mwaka huohuo wa 2019 kulitokea jambo la kinyume kule Lamu. Kampuni ilipanga kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, ng'ambo ya visiwa, kwenye bahari yenye mikoko, matumbawe, samaki na kasa, na karibu na mji wa kale ambao UNESCO imeuweka kwenye urithi wa dunia. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016. Wakazi, chini ya mwavuli wa Save Lamu, walikata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta leseni.

Sababu kubwa ilikuwa ileile karatasi ya mahudhurio. Baraza lilisema mikutano iliyofanywa mwanzoni, kabla utafiti haujakamilika, ilikuwa ya kutambulisha mradi. Huwezi kusema umepata maoni ya watu kuhusu madhara ambayo hujawaeleza. Wakazi walitakiwa kupewa ripoti kamili, kwa namna wanayoweza kuielewa, na nafasi ya kuijibu. Wavuvi wa Lamu walijua samaki wanazaa wapi na upepo wa kusi unapeleka moshi upande gani. Walihitaji mtu wa kuandika, na asifute.

Nilipousoma uamuzi huo niliwafikiria wale watu 43 na soda zao. Sahihi yao ilisema walikuwepo. Haikusema wamekubali. Tofauti ya vitu hivyo viwili ilisimamisha mtambo mzima wa makaa, na kwingineko inapita kila wiki bila mtu kuiona.

Mwaka 2021 Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori. Ndege, helikopta, magari, kamera za kutegwa na watu wa miguu walitumika, na matokeo yakatangazwa Agosti: ndovu 36,280, twiga 34,240, simba 2,589, vifaru 1,739. Palahala walikuwa 51, na korongo, swala yule mkubwa wa Mbuga ya Ruma kule Homa Bay, walikuwa 15 tu. Wakifika 15, hesabu inageuka kuwa orodha ya majina. Sensa kama ile ni ya thamani sana kwa sababu aliyeilipia hakuwa na nyumba za kuuza. Lakini inasema juu ya nchi kwa mwaka mmoja. Haiwezi kukuambia nini kinapita kwenye ekari 300 za mtu fulani usiku wa Aprili. Hilo bado limeachiwa vijana wa 1,500 kwa siku.

Kazi nzuri ya kuhesabu haina siri. Wanaoijua huenda angalau msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Hutega kamera zinazopiga picha usiku, manake wanyama wengi karibu na watu hutembea watu wakilala. Husoma nyayo, vinyesi na mashimo bila kubomoa viota wala kufukuza makundi ili wayaone vizuri. Huwauliza wachungaji na huandika majibu yao kama ushahidi, pamoja na tarehe na mahali. Hutafuta hesabu za zamani za eneo hilo, na hueleza wazi wazi ripoti yao haijui nini. Na wakipata kifaru au kakakuona, hawachapishi mahali penyewe, kwa sababu jangili pia anasoma.

Mambo haya yote ni gharama, na kwa mpango wa sasa mshauri anayeyasisitiza anaweza kupoteza kazi kwa mwenzake atakayekubali siku mbili. Ndiyo maana sidhani dawa ni kuwahimiza washauri wawe watu wema. Wengi ni wema. Mimi ningependa mwenye mradi alipe pesa kwenye mfuko wa pamoja, halafu mshauri apangwe kwa zamu na mtu asiye na haja na jibu. Mshauri akileta hesabu inayoharibu mradi, alipwe vilevile. Mpaka siku hiyo, kipimo changu cha ripoti ya mazingira ni hiki: je, aliyeiandika angeweza kusema hapana na bado alipe kodi ya nyumba mwezi uliofuata?

Utalii nao haujaokoka kwa kujiita wa kijani. Kambi ya mahema inakula njia ya wanyama sawasawa na ghorofa ikijengwa mahali pabaya, na ua wa kuwalinda wageni ni ua tu. Kuna hifadhi za jamii, hasa pembezoni mwa Maasai Mara, ambako wenye ardhi wanalipwa kodi kila mwezi na idadi ya vitanda ina kikomo. Zinafanya kazi pale ambapo hesabu ya wanyama na hesabu ya pesa zote ziko wazi kwa mwenye shamba. Pale ambapo pundamilia yuko kwenye brosha peke yake, mtu anauza kitu ambacho yeye mwenyewe anakifukuza.

Najua wengi wetu tunaosoma haya hatuna ekari hata moja. Tuko kwenye bedsita Kasarani na Rongai, na mambo ya tathmini tunayaona ya mabwenyenye na mawakili. Lakini ndoto ya ploti tunayo sote, na matangazo tunatumiwa kwenye simu kila siku: maji yapo, stima ipo, hati tayari. Ukipata nafasi, iulize NEMA ripoti ya mradi huo. Unaruhusiwa kuisoma, na ikiwa leseni imetolewa isivyo haki, una siku 60 za kukata rufaa. Huhitaji digrii. Mimi sina.

Ukiifungua, ruka picha na dibaji. Tafuta sehemu ya wanyama, uangalie tarehe za uchunguzi, kisha uulize swali ambalo mchunga mbuzi yeyote angeuliza: mlienda mwezi gani?